Macho yanawaka, yanachoma au yanawasha? Tuyachambue kabla ya kukimbilia dawa ya matone

Msomaji wa Usiku (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam.

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa mtu wa kutembea na kichupa cha dawa ya macho mfukoni. Ikifika alasiri macho yalianza kuwaka kana kwamba nimeinamia jiko la kuni, weupe wake ukageuka wekundu, nami nikatia tone moja kila jicho. Baada ya dakika chache yalikuwa meupe kabisa, nikashukuru na kuendelea na kazi. Miezi ikapita, tone moja likawa halitoshi. Nikaanza kutia mara tatu kwa siku, kisha mara sita, na asubuhi niliamka macho yakiwa mekundu kuliko nilivyolala nayo. Nilidhani ugonjwa unazidi, kumbe sehemu kubwa ya wekundu ule ilikuwa inaletwa na dawa yenyewe.

Matone ya kuondoa wekundu, yale yenye nafazolini au tetrahaidrozolini, hubana mishipa midogo ya damu iliyo juu ya jicho. Mishipa ikibanwa wekundu hupotea, lakini dawa ikiisha nguvu mishipa hutanuka tena, na kwa mtu aliyeizoea kila siku hutanuka kupita ilivyokuwa mwanzo. Chanzo cha moto hakiguswi hata kidogo. Nilikuwa ninapaka chokaa ukuta ambao bomba linavuja ndani yake.

Siku nilipokwenda kwa daktari wa macho nilimwambia, "Macho yananiwasha." Hakuandika kitu. Aliniuliza, "Yanakuwasha hadi unatamani kuyasugua, au yanakuchoma kama yaliyoingia moshi?" Nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kujiuliza. Neno hili "kuwasha" tumelibebesha mzigo mkubwa mno: ngozi yenye upele inawasha, pilipili inawasha, na jicho kavu nalo tunasema linawasha. Kwa daktari hayo ni mambo tofauti kabisa. Mwasho wa kutaka kujisugua, hasa kwenye pembe ya jicho iliyo karibu na pua, mara nyingi ni mzio, yaani aleji. Kuchoma na kuwaka, pamoja na hisia ya mchanga ndani ya jicho, huelekea zaidi kwenye ukavu au kuvimba kwa kingo za kope. Maumivu makali yanayokufanya uukimbie mwanga ni habari nyingine, na hayo si ya kusubiri.

Baada ya hapo aliniuliza ni saa ngapi yanachoma zaidi, jicho moja au yote mawili, yanatoa nini, na ninatumia dawa gani nyingine mwilini. Ndipo akanisogeza kwenye ile darubini ya mezani yenye mwanga mwembamba, akabonyeza ukingo wa kope yangu ya chini kwa kijiti chenye pamba. Alinieleza kwamba kwenye kope yenye afya hutoka mafuta mepesi na maangavu kama ya kupikia. Kwangu kilitoka kitu kizito cheupe, taratibu, kama dawa ya meno inayokamuliwa kutoka kwenye tyubu iliyokaribia kwisha. Nilikiona kwenye kioo chake. Miaka miwili nilikuwa ninatibu jicho, na tatizo lilikuwa kwenye kope.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kujua chozi ni kitu gani. Utando wa machozi unaofunika jicho muda wote si maji matupu. Karibu na jicho kuna ute unaoyafanya maji yashike badala ya kuteleza, katikati kuna maji yenye chumvi na kinga dhidi ya vijidudu, na juu kabisa kuna mafuta membamba mno yanayozuia maji hayo yasikauke. Mafuta hutoka kwenye tezi zilizopangwa wima ndani ya kope, kati ya 20 na 40 katika kila kope, zenye vitundu vyake nyuma kidogo ya nywele za kope. Huitwa tezi za Meibomi, kwa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom, aliyezieleza mwaka 1666. Tezi hizo zikiziba, maji ya jicho hukauka haraka kabla hujapepesa tena, chumvi inayobaki hukolea, na ukolevu huo ndio unaochoma.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea njia, nami nilikuwa mmoja wao. Mtu anasema, "Mimi siwezi kuwa na ukavu, mbona machozi yananitiririka hadi shavuni?" Jicho likichomwa na ukavu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na tezi kubwa ya machozi humwaga maji kwa wingi, kama mtu anayezima moto kwa ndoo. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, kwa hiyo hayakai juu ya jicho. Hutiririka tu, na baada ya dakika chache jicho ni kavu vilevile. Jicho linalolia kwenye upepo au mbele ya kiyoyozi mara nyingi ni jicho kavu.

Tiba niliyopewa ilikuwa ya kazi ya mikono. Kitambaa safi huchovywa kwenye maji ya moto yanayovumilika kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, hukamuliwa, kisha huwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 10. Kosa nililolifanya wiki ya kwanza ni kukiweka mara moja na kukiacha. Kitambaa hupoa baada ya dakika mbili tu, na mafuta yaliyoganda hayayeyuki kwa kitambaa cha uvuguvugu, kwa hiyo ni lazima kukichovya tena na tena. Baada ya hapo kope ya juu hukandwa kwa ncha ya kidole kuelekea chini, na ya chini kuelekea juu, polepole, bila kulikandamiza jicho lenyewe. Mwisho kingo za kope husafishwa kwa pamba yenye maji safi yaliyochemshwa na kupoa ili kuondoa magamba yanayoshikamana kwenye nywele. Kwangu nafuu ilianza wiki ya tatu. Nilipoona nafuu niliacha, na moto ukarudi kabla mwezi haujaisha. Sasa ninafanya kila asubuhi, kama kupiga mswaki.

Nilipewa pia machozi ya bandia, yaani matone ya kulainisha yasiyobana mishipa. Mtu anayeyatia zaidi ya mara nne kwa siku ni afadhali atafute yale yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike kichupani, kwa sababu kihifadhi kinachotumika zaidi, benzalkoniamu kloraidi, huikera ngozi ya juu ya jicho kikitumika mara nyingi. Tone moja linatosha, tena linazidi: lina ujazo wa mikrolita 30 hadi 50, ilhali machozi yaliyoko juu ya jicho kwa kawaida hayafiki hata mikrolita 10. La pili hushuka shavuni. Kama una dawa mbili tofauti, ipe ya kwanza dakika 5 kabla ya kutia ya pili.

Kuhusu kompyuta na simu nitasema kwa ufupi. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea kioo idadi hiyo hushuka chini ya nusu, na hata anapopepesa, kope ya juu mara nyingi haifiki chini. Nimeteremsha kioo cha kompyuta kiwe chini kidogo ya usawa wa macho, kwa sababu jicho linalotazama chini halifunguki sana, na kila baada ya dakika 20 hutazama mbali kwa sekunde 20 huku nikifumba macho kikamilifu mara kadhaa. Ile miwani ya kuchuja mwanga wa bluu niliinunua na sikuona tofauti. Baadaye nikasoma kwamba mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2023 hayakupata ushahidi kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta, nikaacha kujilaumu.

Ninawakaribisha wenye uzoefu na wenye taaluma.

Fundi Chuma

Mkuu, nakushukuru kwa maelezo. Mimi nachomelea vyuma, na sisi moto wa macho tunaujua kwa namna yetu. Unafanya kazi mchana bila shida yoyote, unakula, unalala, halafu saa saba za usiku unaamka macho yamejaa mchanga, taa huwezi kuitazama, na machozi yanakuchuruzika hadi masikioni. Wenzangu kazini wana kichupa cha dawa ya ganzi, ukitia tone moja unapona papo hapo.

Lakini hilo silo linalonileta. Tangu juzi jicho la kulia peke yake linanichoma kila ninapopepesa. Nilikuwa ninasaga chuma, na nitasema ukweli, miwani nilikuwa nimeipandisha kwenye paji la uso. Nimeliosha sana. Niendelee na machozi ya bandia?

Muuguzi wa Macho

Ndugu Fundi, hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo lenye haraka, kwa hiyo ninaanza nalo. Jicho moja, baada ya kusaga chuma, linalochoma kila kope inapopita, ni jicho lenye kitu ndani yake hadi ithibitishwe vinginevyo. Huenda chembe imejificha chini ya kope ya juu na inaikwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kila unapopepesa. Huenda pia imenasa kwenye konea yenyewe. Chembe ya chuma iliyolowana na machozi huweza kushika kutu ndani ya siku moja au mbili, na kutu hiyo hujichora duara kwenye konea, ambalo nalo lazima liondolewe. Usilisugue, wala mtu asikutolee kwa ncha ya kitambaa au kijiti cha kiberiti. Na kama ulikuwa unagonga chuma kwa nyundo, au uliona giza ghafla, au mboni imebadilika umbo, usilioshe wala kulibonyeza, kwa sababu huenda chembe imetoboa na kuingia ndani. Nenda leo.

Sasa kuhusu moto wa usiku. Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno inayounguza seli za juu za konea, kama jua linavyobabua ngozi. Maumivu huchelewa kwa saa 6 hadi 12, ndiyo maana huja ukiwa umelala. Seli hizo huota upya, na kwa kawaida jicho hupona ndani ya siku moja hadi mbili kwa kukaa gizani, kitambaa cha baridi, matone ya kulainisha na vidonge vya maumivu. Kichupa cha ganzi kitupeni. Sisi hukitumia mara moja ili tuweze kulichunguza jicho, lakini hatumpi mgonjwa akaondoka nacho. Ganzi huzuia seli zisiote, na jicho lisilohisi halijilindi. Mtu anayeitumia siku baada ya siku anaweza kupata kidonda cha konea kisichofunga, huku akiamini kwamba amepona kwa kuwa haumwi.

Mama wa Wawili

Habari zenu. Mwanangu ana miaka saba, na tatizo lake ni lile la kuwasha kwa maana ya kujikuna. Likifika vumbi la kiangazi anajisugua kwa vifundo vya vidole kutwa nzima, hata usingizini, na asubuhi anatoa ute mweupe unaovutika kama uzi. Duka la dawa walinipa matone ambayo yalifanya kazi kama muujiza: siku mbili tu akatulia. Nimeyanunua mara nne sasa bila kurudi kwa mtu yeyote. Mumewe dada yangu ananiambia niache, nami naona mtoto anapata nafuu. Nifanye nini?

Muuguzi wa Macho

Mama, chukua kichupa usome maandishi madogo. Ukikuta jina linaloishia na "-soni" au "-soloni", mfano deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, dawa yenye nguvu ya kutuliza uvimbe. Mara nyingine huchanganywa na antibayotiki, hivyo soma majina yote.

Steroidi si sumu. Daktari huweza kumwandikia mtoto mwenye mzio mkali kwa muda mfupi na kumpima presha ya jicho kila baada ya muda. Shida ni kuitumia bila kipimo. Huweza kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo kwa kawaida haiumi wala haiwashi. Inaiharibu neva ya jicho kimyakimya, na kilichopotea hakirudi. Ikitumika kwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho, na kama kumbe wekundu ulitokana na kirusi cha malengelenge au kuvu, huupa ugonjwa nafasi ya kuenea. Nimewapokea vijana walioletwa kwa kuwa hawaoni ubaoni, na walipopimwa tulikuta neva imekwisha kuliwa. Mama zao walikuwa wakinunua kichupa kilekile kwa upendo kabisa. Usikitupe kabla ya kumwona daktari. Nenda nacho, ili ajue mtoto ametumia nini na kwa muda gani, na aamue namna ya kukiacha.

Kwa mwasho wenyewe, kitambaa cha baridi ndicho rafiki, si cha moto. Joto la mwanzisha uzi ni la kuyeyusha mafuta, lakini jicho lenye mzio likipashwa moto huwasha zaidi. Mnawishe uso akitoka nje, na nywele zioshwe kabla ya kulala, kwa sababu vumbi la nywele huhamia kwenye mto. Yapo matone ya mzio yasiyo steroidi. Ketotifeni na olopatadini hutuliza upesi, na kromoglikati huzuia mzio usianze, kwa hiyo hutiwa kila siku kwa utaratibu kabla vumbi halijafika, na haina maana kuitia siku moja na kuihukumu. Vidonge vya mzio husaidia mafua, lakini baadhi yake hukausha macho.

Jambo la mwisho ni kujisugua. Mkazo wa kila siku wa vifundo vya vidole juu ya konea ya mtoto unahusishwa na konea kuwa nyembamba na kuchomoza kama pia ya kuchezea, hali ambayo miwani ya kawaida hushindwa kuirekebisha. Kwa hiyo mwasho wa mtoto ni wa kutibiwa kwa dhati, si wa kumkaripia tu "acha kujikuna".

Dawa za Babu

Naona mnazunguka sana. Asali mbichi tone moja, maziwa ya mama anayenyonyesha, au maji ya chai yaliyopoa. Wazee wetu walitumia hayo na hawakuwa na miwani.

Msomaji wa Usiku

Babu, kwa heshima zote, wazee wetu wengi walikuwa vipofu na tuliwaongoza kwa fimbo, ila tuliita uzee. Asali mbichi na chai ya nyumbani huweza kuwa na vijidudu visivyoonekana, na jicho linalochoma mara nyingi lina michubuko midogo ambayo ni mlango ulio wazi. Kama ni kusafisha, maji safi yaliyochemshwa na kupoa yanatosha.

Muuguzi wa Macho

Naongeza moja tu hapo. Maziwa hutiwa zaidi kwenye macho ya watoto wachanga. Kichanga anayetoa usaha na kuvimba kope katika mwezi wake wa kwanza apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kisonono au klamidia iliyompata wakati wa kuzaliwa inaweza kumpofusha, na kisonono huweza kufanya hivyo kwa siku chache tu.

Mjenzi

Ninaomba nieleze kilichonipata ili kimfae mtu. Nilikuwa ninakoroga chokaa, likaruka donge likaingia jicho la kushoto. Kwanza halikuuma kama nilivyotarajia. Lilikuwa linateleza, kama lenye sabuni. Mwenzangu alitaka tupande pikipiki mara moja. Msimamizi wetu, ambaye wakati ule nilimwona mkatili, alinilaza chini, akanipanulia kope kwa vidole viwili, na kuamuru nimiminiwe maji ndoo baada ya ndoo. Nilipiga kelele. Alihesabu nusu saa kwa saa yake ya mkononi ndipo akaniruhusu niondoke. Daktari alikuta chembe za chokaa bado zimejificha chini ya kope ya juu, akaigeuza na kuzitoa, lakini aliniambia kwamba jicho limeokolewa na zile ndoo.

Muuguzi wa Macho

Msimamizi wako anastahili shukrani. Ile hali ya kuteleza uliyoihisi ndiyo hatari yenyewe. Chokaa, saruji, amonia na dawa za kuzibua mabomba ni alikali, na alikali huyageuza mafuta ya seli kuwa kama sabuni na kuendelea kuzama ndani. Asidi nayo huunguza, lakini mara nyingi hugandisha tabaka la juu, na tabaka hilo lililoganda huizuia isizame zaidi. Kwa vyote viwili, anza kuosha hapohapo kwa maji yoyote safi yaliyo karibu, kwa dakika 15 hadi 30, macho yakiwa yamepanuliwa, kichwa kimelala upande wa jicho lililoumia ili maji yasihamie jicho lisiloumia. Usitafute siki ili kupoza chokaa. Safari ya hospitali hufuata baada ya kuosha.

Mstaafu

Salaam kwa wote. Nina umri wa miaka sitini na minane. Macho yananichoma tangu asubuhi, na sasa hata mdomo umekauka kiasi kwamba siwezi kumeza kitu kikavu bila maji. Viungo vya vidole vinaniuma. Ninatumia dawa ya presha na dawa ya kunisaidia kulala. Nilidhani ni uzee tu, nikaona nisiwasumbue wanangu.

Muuguzi wa Macho

Shikamoo mzee wangu. Uzee hupunguza machozi, ni kweli, na wanawake hupungukiwa nayo zaidi baada ya kukoma hedhi, lakini maelezo yako yana mambo mawili ya kumweleza daktari kwa pamoja. La kwanza ni dawa. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, na baadhi ya dawa za usingizi na sonona, mfano amitriptilini, hukausha macho na mdomo. Usiziache mwenyewe, peleka vichupa vyote vikaangaliwe. La pili ni kwamba macho makavu, mdomo mkavu na viungo vinavyouma vikija pamoja, hutufanya tufikirie ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate, peke yake au pamoja na baridi yabisi. Kwenye macho utapimwa kwa kipande kidogo cha karatasi kinachowekwa ukingoni mwa kope ya chini kwa dakika 5: karatasi ikilowa chini ya milimita 5, machozi ni machache. Wanao wasumbue, mzee wangu, ndiyo kazi yao.

Lenzi

Swali fupi. Ninavaa lenzi, na jioni zinachoma. Huwa ninazisuuza kwa maji ya bomba na kuzirudisha.

Muuguzi wa Macho

Zivue sasa, uvae miwani. Maji ya bomba huweza kuwa na amiba aina ya akanthamiba, kijidudu ambacho lenzi hukipa makao juu ya konea, na kidonda chake hutibiwa kwa miezi. Lenzi husafishwa kwa maji yake maalumu tu, na hazilaliwi. Ukiona doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au maumivu yasipoisha baada ya kuivua, usingoje kesho.

Msomaji wa Usiku

Kuna mmoja ameniuliza faraghani kuhusu macho yanayochoma wakati wa kuamka na kutulia kufikia mchana. Nililiuliza swali hilohilo zamani. Kwa kawaida ukavu wa kazi na kompyuta hukolea jioni. Ule wa kuamkia unaweza kutoka kwenye kope zilizovimba, lakini unaweza pia kuwa ni kope zisizofumba vizuri usiku. Mwombe mtu akutazame ukiwa usingizini, au ujipige picha ukiwa umefumba taratibu, uone kama kunabaki ufa wa weupe chini. Feni inayopuliza usoni usiku kucha hufanya ufa huo uwe jangwa, kwa hiyo igeuzie miguuni. Ipo pia marhamu nzito ya kulainisha inayopakwa kabla ya kulala. Huleta ukungu machoni, ndiyo maana haifai mchana.

Mama wa Wawili

Nimesoma kichupa. Ni deksamethasoni pamoja na kitu kingine ambacho sikijui. Tumepata nafasi keshokutwa, na nitakipeleka. Usiku huu amelala na kitambaa cha baridi machoni, na kwa mara ya kwanza wiki hii mikono yake iko chini ya shuka.

Fundi Chuma

Nimerudi kutoa taarifa. Nilikwenda jana jioni. Daktari alitia tone la rangi ya machungwa, akawasha mwanga wa bluu, nikaambiwa chembe iko pembeni ya mboni, ndogo kuliko ncha ya kalamu. Alitia ganzi tone moja, safari hii kwa halali, akaitoa kwa ncha ya sindano huku akiniambia nitazame sikio lake bila kusogea. Kutu imebaki duara, atalisugua kesho kwa kifaa kidogo kinachozunguka. Nimepewa antibayotiki ya matone mara nne kwa siku, na nimekatazwa kuendesha pikipiki hadi atakaponiruhusu. Kile kichupa cha kazini nimekimwaga mbele ya wenzangu. Mmoja amekasirika, nimempa uzi huu asome.